Vikombe Viwili kwa Aling Biday

Siku ya nane ya msiba wa mzee Pelagio Sarmenta, Mang Pelagio kwa jirani zake, Inspekta Visitacion Lumapas aliingia mgahawani kwa Aling Biday bila njaa. Njaa alikuwa nayo Sajini Teryo, tena ya kuwatosha wote wawili. Aliagiza wali, samaki mkavu wa kukaanga na mayai mawili, akakaa akiitazama barabara.

"Unakula kama mtu anayehama nchi," Inspekta Vising, kama wote walivyomwita, alimwambia.

"Afande, upelelezi wa tumbo tupu huishia kumkamata mpishi."

Vising hakucheka. Mkobani mwake kulikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja yenye saini yake: kifo cha kawaida, pumu, hakuna dalili ya mkono wa mtu. Aliiandika siku ile ile mzee alipokufa, kwa nusu saa tu, kwa sababu daktari alisema pumu, na kwa sababu mtu wa mwisho kuonana na marehemu alikuwa Mheshimiwa Gaudencio Rivadelo, mbunge. Hakutaka kumuuliza maswali mtu ambaye barua yake ndiyo iliyomwingiza polisi, na ambaye alisimama naye kanisani siku ya ndoa yake, akawa Ninong wake, msimamizi ambaye mtu humheshimu kama baba. Ukweli ndio huo, na ulimtia aibu kila alipoufungua mkoba.

Juzi ndipo Adora, binti wa marehemu, alipokuja kituoni.

"Pampu ya baba ya pumu mliikuta wapi?" aliuliza.

Vising alitoa picha za siku ya kwanza. Ilikuwa juu ya rafu ya watakatifu, pembeni ya sanamu ya San Roque. Siku ya kwanza aliiona, akaipita.

"Baba alipooza mkono wa kulia miaka minne iliyopita," Adora alisema. "Wa kushoto ulikuwa haupiti bega. Mshumaa wa San Roque nawasha mimi, tena kwa kupanda kigoda. Sasa nani aliipandisha pampu huko?"

Hakuishia hapo. Baba yake, aliyekuwa katibu wa Rivadelo kwa miaka ishirini, alikuwa anapiga chapa kitabu cha maisha ya bosi wake, kitolewe siku atakapotimiza miaka sabini. Kurasa zote zilikuwa mezani kwa mpangilio, ila kuanzia ya themanini na nane hadi ya mia na tatu hazikuwapo.

Maisha yenyewe kila mtu mkoani Santa Brigida aliyajua kwa moyo. Rivadelo alianza kwa unaibu meya, akaingia baraza la mkoa, akawa gavana vipindi vitatu, kisha akapanda Bungeni Manila. Huko wanamwita Mheshimiwa. Hapa nyumbani ni Gavana, na atazikwa akiwa Gavana. Picha yake iko kwenye kila kalenda: maji yamemfika kiunoni, amembeba mtoto begani, kimbunga cha miaka kumi na saba iliyopita katika kijiji cha Malinao. Watu arobaini na watatu walikufa Malinao. Ilisemekana aliwaamuru wahame mapema, wakakaidi. Picha ile ndiyo iliyompeleka Bungeni.

Teryo alikuwa ameipoteza siku nzima ya jana kwa mpwa wa marehemu, aliyewahi kugombana na mzee kwa ajili ya kiwanja na akaapa mbele ya watu kwamba atamzika. Kumbe Alhamisi ile ya kifo mpwa alikuwa kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo toka adhuhuri, na jogoo wake akapigwa mbele ya watu mia mbili.

"Kila mmoja wao anakumbuka," Teryo alisema. "Wanamcheka mpaka leo."

Kilichobaki kilikuwa dakika ishirini zisizo na maelezo. Mang Sixto, dereva wa Gavana, aliandika kwamba waliondoka kwa Mang Pelagio saa kumi na dakika kumi jioni, wakamwacha mzee mzima, wakaenda nyumbani moja kwa moja. Safari hiyo ni ya dakika kumi. Daftari la mlinzi wa getini kwa Gavana lilisema gari liliingia saa kumi na dakika arobaini. Teryo alipita akiuliza duka baada ya duka, na ndiyo sababu walikuwa hapa.

Aling Biday alileta sahani, akasimama mkono kiunoni.

"Inspekta, mwaka mzima hukunitembelea. Leo umekuja kunionyesha jinsi Sajini anavyotafuna?"

"Nimekuja kukuuliza, Aling Biday. Alhamisi ya wiki iliyopita Gavana alisimama hapa?"

"Alisimama! Mwenyewe nilishtuka. Tangu uchaguzi uliopita hajakanyaga hapa. Nikamwambia, Gavana, vipi, uchaguzi umeletwa mbele?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Mang Sixto ndiye aliyeagiza kahawa mbili. Nikawawekea."

"Walizungumza nini?"

"Hata neno. Sixto anaangalia ukuta, Gavana anaangalia kikombe. Kulikuwa na watu watano wanakula pale, hata mkono hakuwapa. Robo saa, kisha hao wakaenda zao. Kahawa nikamwaga."

"Hawakunywa?"

"Hata funda."

Vising alichungulia nje. Hatua mia mbili kutoka pale mtu aliona geti jeupe la nyumba ya Gavana.

"Kwao hakuna kahawa?"

"Mpishi wao ni binamu yangu. Kahawa yao inatoka Batangas, yangu ni ya pakiti." Aling Biday alicheka. "Nami najua watu hawaji hapa kwa ajili ya kahawa. Niko njiani kutoka makaburini, Inspekta. Nani atatoka kwenye maiti aende kwake moja kwa moja, roho imfuate mpaka kwa watoto? Lazima apite pengine kwanza, aikung'ute. Maiti ndio wanaonilisha, Mungu anisa..."

Aliuchukua mfuniko wa sufuria uliokuwa hauna kazi, akaushika mikononi.

"Teryo," Vising alisema, "mpigie karani wa parokia. Uliza Alhamisi ile kulikuwa na maiti ya nani mjini, nyumbani au kanisani, popote."

Teryo aliacha uma, akatoka na simu. Alirudi upesi. "Hakuna, Afande. Mazishi ya mwisho yalikuwa wiki tatu kabla. Baada ya hapo ni Mang Pelagio."

"Na Adora alimkuta baba yake amekufa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na dakika ishirini walikuwa hapa wanakung'uta roho ya nani?"

Aling Biday alikaa kwenye benchi. "Mimi nililihesabu hilo siku ya pili, Inspekta. Nikajiambia, Biday, funga mdomo. Gavana ndiye aliyesimamia mwanangu apasuliwe moyo Manila. Nikaufunga. Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

"Tuko wengi," Vising alisema.

Nyumbani kwa Mang Pelagio, ambako maiti ilikuwa bado imelazwa, kama desturi yao ilivyo, hadi siku ya tisa, waombolezaji walikuwa wamejaa tangu asubuhi. Chini ya turubai watu walicheza karata na kula biskuti. Gavana alikuwa ndani, mbele ya jeneza. Mang Sixto walimkuta nyuma ya nyumba, akilifuta gari ambalo halikuwa na vumbi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, ishirini na nane kati ya hiyo kwenye usukani wa mtu mmoja.

"Mang Sixto, Alhamisi mlipotoka hapa mlikwenda wapi?"

"Kwa Gavana, Inspekta. Niliandika."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Na kahawa ya Aling Biday ilikuwaje?"

Kitambaa kilisimama kwenye kioo. "Ah. Ile. Gavana alikuwa na kiu."

"Mwenye kiu haachi kikombe kimejaa."

"Ilikuwa ya moto."

"Kwa robo saa hata uji ungepoa," Teryo alisema.

Vising alimwashiria anyamaze. "Nyumbani kwako unaishi na nani, Mang Sixto?"

"Mke wangu. Binti yangu, na... mjukuu. Ana wiki tatu."

"Hongera. Ndiyo maana ulisimama. Sasa niambie, mlikuwa mnatoka kwenye maiti ya nani?"

Mzee alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikikunja kile kitambaa, akakikunja tena, kisha machozi yakamtoka.

"Gavana alitokeza mlangoni akasema twende. Nikaingia kumuaga mzee, ni kawaida yangu, humgusa mkono. Alikuwa kwenye kiti chake. Midomo imekuwa ya bluu. Gavana akasema, 'Amelala, Sixto. Usimwamshe.'"

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini." Alifuta pua. "Adora alikuwa hapo nyuma kwa jirani, hatua thelathini. Ningepiga kelele angesikia. Sikupiga. Nikawasha gari kama ng'ombe anayeswagwa. Lakini mtoto, Inspekta! Ningeingiaje kwa mtoto mchanga na kitu kile begani? Nikapinda kwa Biday bila kuomba ruhusa."

"Gavana akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alifungua mlango wake akashuka."

"Ulimwomba ashuke?"

"Nimwombe vipi? Nilitaka kumwacha na kiyoyozi chake. Alishuka mwenyewe."

Vising alimwandikisha maneno hayo, akamsomea, mzee akatia saini. Walipokuwa wanazunguka nyumba, Teryo alimvuta pembeni.

"Afande, dereva ametukubalia. Lakini mahakamani wakili atasema Gavana hakuona kitu, alidhani mzee amelala kweli."

"Kama alidhani amelala, angekaa garini. Anayetoka kwa mtu aliyelala ana roho gani ya kukung'uta?"

"Nibaki mlangoni?"

"Baki. Na usile biskuti."

Gavana alikuwa amekaa mstari wa mbele, wajane wawili pembeni yake wakimweleza shida zao. Alipomwona Vising alinyosha mkono. Vising aliuinamia, akauweka kwenye paji la uso wake. Asingeweza kutofanya hivyo mbele ya watu wale, na pengine hata kama wasingekuwapo.

"Ubarikiwe, mwanangu. Umekonda. Mumeo hakulishi?"

"Ananilisha, Ninong. Naomba tuzungumze chumbani."

Chumba cha Mang Pelagio kilikuwa kidogo: kitanda, meza ya taipureta, kiti, rafu ya watakatifu. Rivadelo alikaa kitandani. Kile kiti hakukikaribia.

"Alhamisi ulishuka kwa Aling Biday. Kwa nini?"

"Kusalimia watu. Ndiyo kazi yangu tangu hujazaliwa."

"Uliwasalimia nani?"

"Waliokuwepo."

"Walikuwepo wapiga kura watano, Ninong, na hukumpa hata mmoja mkono. Mimi nimekuona ukimpa mkono mtu aliyekuwa anakutukana. Nimekuona ukimpa mkono kipofu, ukamwambia na jina lako, kisha ukamwambia tena alipokuwa anaondoka."

Alitabasamu kidogo, kwa mazoea tu. "Nilikuwa nimechoka."

"Mang Sixto ameandika upya maelezo yake. Amesema midomo ya mzee ilikuwa ya bluu, nawe ukasema amelala. Karani wa parokia anasema hakukuwa na maiti nyingine mjini. Na pampu ilikuwa pale juu." Aliinyoshea kidole rafu. "Adora haifikii bila kigoda. Mimi siifikii. Wewe unaifikia."

Rivadelo aliitazama rafu kwa muda mrefu. Nje mtu alishinda karata, wenzake wakamzomea.

"Umekuwa mpelelezi mzuri," alisema. "Niliwaambia, nilipoandika ile barua. Niliwaambia huyu binti ana kichwa."

"Kurasa zile kumi na sita zina nini?"

"Saa."

"Saa gani?"

"Saa niliyotia saini amri ya kuwahamisha watu wa Malinao. Karatasi inasema saa nne asubuhi. Mimi nilisaini saa tatu usiku." Alizungumza kwa sauti ya chini, kama aliye kwenye kitubio. "Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji. Wakubwa wa chama walikuwa wamekuja kutoka Manila kunipima kama nafaa Bunge. Ningetangaza hatari, gwaride lote lingevunjika. Nikasema tungoje kidogo, huenda kimbunga kikapinda. Usiku maji yalipokuja nikasaini, na Pelagio akapiga chapa saa nne asubuhi. Nilimwambia apige, akapiga. Picha yangu na yule mtoto ilipigwa siku mbili baadaye, maji yakiwa yanapungua. Niliingia pale palipobaki na kina."

Vising hakuandika. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa ameikata picha ile gazetini akaibandika ukutani.

"Alhamisi alinisomea," Rivadelo aliendelea. "Nikamsihi. Nikamwambia, Pelagio, tunazeeka, ya nini haya? Akasema yeye ndiye aliyeigonga ile saa kwa vidole vyake, na hawezi kwenda nayo kaburini. Tukabishana. Kifua kikambana. Pampu ilikuwa mezani, akainyoshea mkono. Nikawahi mimi."

"Ukaiweka juu."

"Nilitaka anisikilize tu. Nikamwambia, niahidi kwanza utazitoa hizo kurasa, nikupe."

"Akaahidi?"

"Alitikisa kichwa kukataa. Nikajua ataahidi tu. Watu wote huwa wananiahidi, Vising."

"Ulingoja muda gani?"

Alizitazama kucha zake. "Mpaka haikuwa na haja tena."

Kisha Rivadelo akamwinamia kidogo, na sauti yake ikawa ile iliyokuwa ikiwashawishi madiwani na maaskofu.

"Kesho anazikwa. Mimi ndiye nitakayemuaga. Watu wote wanajua ni mimi. Niache nimzike, mwanangu, nimwombe radhi mbele ya kaburi, kisha nitakuja kituoni kwa miguu yangu. Siku moja tu. Nimewahi kukuomba kitu?"

Hakuwahi. Alikuwa ametoa tu, miaka yote ile, wala hakudai. Vising alitaka kumpa. Alitaka sana, mpaka akajichukia. Siku moja haikuwa kitu, hakuna ambaye angejua, na mzee aliye kwenye jeneza asingefufuka.

"Nimeshakupa siku nane, Ninong," alisema. "Siku ya kwanza niliandika ni kifo cha kawaida. Niliandika hivyo kwa sababu ni wewe. Ile karatasi naiambatanisha kwenye jalada, wanihoji nami. Simama."

Hakusimama mara moja. Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma ya bega la Vising. Teryo alikuwa pale, uso umemshuka, na mbele yake alisimama Adora. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Teryo alisema baadaye kwamba hakupata moyo wa kumzuia mtu asiingie chumba cha baba yake.

"Gavana," Adora alisema, "siku ile uliniambia nenda kapumzike, mwanangu, tuache wazee tuzungumze. Nikaenda kwa jirani kumsaidia kukaanga ndizi."

"Ndiyo."

"Baba aliniita?"

Vising alimwomba Mungu mtu huyu aseme hapana. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amewadanganya watu wa mkoa mzima bila koo kukauka. Uongo mmoja zaidi ungekuwa sadaka. Lakini Rivadelo aliinamisha kichwa. Pengine aliona haya, pengine alikuwa amechoka kweli.

"Alikuita. Mara mbili. Ya tatu haikutoka vizuri."

Adora aliitika kwa kichwa polepole. "Redio ilikuwa juu," alisema, asimwambie yeyote. "Mimi ndiye niliyeongeza sauti."

Vising alimshika Rivadelo mkono juu ya kiwiko, wakatoka. Sebuleni waombolezaji walisimama kumpisha, kama siku zote. Wajane wale wawili walimnyoshea mikono. Mtu alisema, "Mapema hivi, Gavana?" Rivadelo alimpa mkono aliyekuwa karibu, kwa mazoea, mpaka Vising akamvuta taratibu.

Huko kwao mfiwa hamsindikizi mgeni wa msibani. Hata mlangoni hafiki, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwombea mgeni amfuate marehemu. Kwa siku nane Adora alikuwa ameagana na kila mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake kando ya jeneza. Sasa alikuja nyuma yao. Alivuka kizingiti, akashuka ngazi, na wanawake waliokuwa chini ya turubai wakaacha karata.

"Adora!" shangazi yake alimwita. "Adora, rudi ndani! Huoni unachofanya?"

Hakurudi. Alimsindikiza Gavana uwanjani kote mpaka kwenye gari la polisi, akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.